Grafu ya vifo vya vita: kwanza sema umehesabu nani

Kila ikichorwa grafu ya nguzo ya wanajeshi wa Marekani waliokufa vitani, msomaji huona nguzo ya Vita vya Pili vya Dunia imepanda juu, ya vita vya Marekani na Mexico vya 1846 hadi 1848 imelala chini, kisha hukata shauri: vile vya Dunia vilikuwa hatari kwa askari, vya Mexico vilikuwa vidogo tu. Kauli hiyo nimeisoma mara nyingi mno, na safari hii naijibu kwa namba.

Chukua karatasi. Chora mhimili wa wima wa sentimita 18 unaoishia 450,000, yaani kila sentimita ni watu 25,000. Vita vya Pili vya Dunia: vifo 405,399, nguzo ya sentimita 16 na ushee. Mexico: vifo 13,283, nguzo ya nusu sentimita. Sasa rudi kwenye jedwali zilikotoka namba hizi, utazame safu ambayo wengi huiruka, ile ya waliohudumu jeshini. Vita vya Pili vya Dunia: 16,112,566. Mexico: 78,718. Gawanya. Unapata asilimia 2.5 kwa Vita vya Pili vya Dunia na asilimia 16.9 kwa vya Mexico. Chora upya kwa asilimia, na nguzo zinabadilishana nafasi. Aliyevaa sare wakati wa vita vya Mexico alikuwa na uwezekano wa kufa karibu mara saba ya yule wa miaka ya 1940.

Usisimame hapo, maana sasa unaweza kukosea upande wa pili na kusema bunduki za Mexico zilikuwa kali kuliko za Wajerumani na Wajapani. Igawe nguzo vipande viwili: waliouawa katika mapigano na waliokufa kwa sababu nyingine. Mexico ni 1,733 kwa 11,550. Vita vya Pili vya Dunia ni 291,557 kwa 113,842. Ukipima mapigano peke yake dhidi ya waliohudumu, Mexico inashuka hadi asilimia 2.2 na Vita vya Pili vya Dunia ni asilimia 1.8. Zinakaribiana! Karibu pengo lote kubwa uliloliona lilikuwa maradhi: kuhara damu, homa ya manjano, kambi chafu. Vita vya Kwanza vya Dunia navyo vina habari yake: Wamarekani 53,402 waliuawa katika mapigano na 63,114 walikufa kwa mengine, wengi wao kwa mafua makali ya 1918. Grafu isiyogawa vipande hivyo humfanya msomaji aone mizinga mahali palipokuwa na kitanda cha mgonjwa.

Hadi hapa ni hesabu ya shule ya msingi, kiasi juu na asili chini. Shida kubwa iko kwenye maneno, na hapo ndipo uvumilivu wangu huisha.

Majedwali mengi ya Kiingereza yana safu ya casualties. Wanaotafsiri huandika “vifo”. Wengine huandika “majeruhi”. Yote mawili ni makosa. Neno hilo hukusanya kila askari aliyeondoka kwenye hesabu ya kikosi: aliyekufa, aliyejeruhiwa, aliyetoweka, aliyetekwa. Tazama siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 1 Julai 1916. Hesabu ya Uingereza ni 57,470, na kwa Kiswahili imeandikwa tena na tena kwamba Waingereza 57,470 walikufa siku moja. Hawakufa wote. Waliokufa ni 19,240. Waliojeruhiwa ni 35,493, waliotoweka 2,152, waliotekwa 585. Jumlisha mwenyewe uone. Vifo 19,240 kwa siku moja ni msiba mkubwa usiohitaji kuongezewa; na aliyeuzidisha mara tatu amewafuta waliojeruhiwa elfu 35, ambao walihitaji machela, madaktari na, wengi wao, msaada wa maisha yote. Nguzo ya “vifo” yenye urefu wa 57,470 imewazika watu waliokuwa hai.

Kwa hiyo andika vyote vinne kwa majina yao. Ukikosa nafasi, andika “waliouawa, kujeruhiwa, kutoweka au kutekwa” hata kama kichwa cha grafu kitakuwa kirefu. Kichwa kirefu hakijamdanganya mtu.

Safu ya waliojeruhiwa ina mtego wake. Kwa Vietnam, hesabu ya Marekani ina majeruhi 153,303 waliolazwa hospitali, na wengine 150,341 waliotibiwa bila kulazwa. Ukichukua kundi la kwanza tu, kwa kila aliyeuawa katika mapigano (47,434) kuna majeruhi 3.2. Ukichukua makundi yote mawili, ni 6.4. Ukiweka 6.4 kando ya 2.3 ya Vita vya Pili vya Dunia, grafu yako itatangaza maendeleo makubwa ya tiba ya kivita. Maendeleo yalikuwepo kweli, helikopta za kubeba majeruhi si hadithi, lakini sehemu ya ongezeko hilo ni ufafanuzi wa neno kubadilika. Tena, mara nyingi kinachohesabiwa ni majeraha, si watu: askari aliyejeruhiwa mara mbili anaweza kuonekana mara mbili. Ndiyo maana sipendi kupandanisha majeruhi juu ya vifo katika nguzo moja. Ziweke kando kwa kando.

Sasa asili, ile namba ya chini. Umegawanya kwa nani? Kwa Korea, Marekani ilikuwa na watu 5,720,000 jeshini duniani kote katika kipindi hicho, lakini waliofika eneo la vita ni kama 1,789,000. Vifo 36,574 vikigawanywa kwa namba ya kwanza ni asilimia 0.6, kwa ya pili ni asilimia 2.0. Vita ni vilevile, wafu ni walewale, na nguzo imekuwa ndefu mara tatu. Halafu kuna namba 54,246, ambayo bado imechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa vita hivyo mjini Washington. Ndani yake mna vifo 17,672 vya wanajeshi waliofia kwingine duniani katika miaka ileile, na vilikuja kutenganishwa hadharani mwaka 2000. Kanuni ninayoifuata ni moja: kiasi na asili vitoke eneo moja. Vifo vya eneo la vita vigawanywe kwa waliofika eneo la vita. Ukichanganya, umechora kitu ambacho hakikutokea popote.

Hata hivyo eneo pekee halitoshi, kwa sababu muda nao unaua. Vietnam, waliopelekwa Asia ya Kusini-Mashariki ni kama 3,403,000 na vifo ni 58,220, yaani asilimia 1.7, lakini askari wa kawaida wa jeshi la nchi kavu alikaa miezi 12 akarudi. Mwenzake wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu kwa wastani wa miezi 33, kati ya hiyo 16 ng'ambo, na si wote waliokwenda. Waliokwenda ni kama asilimia 73. Ukizidisha watu kwa miaka waliyokaa ng'ambo, unapata kama miaka-watu milioni 15.7, na kiwango cha vifo cha karibu asilimia 2.6 kwa mwaka. Hiyo imezidi kidogo, kwa kuwa waliofia nyumbani bado wamo kwenye kiasi. Hesabu hii ni ya makadirio na siwezi kuiapia, kwani wastani huficha mpishi wa bandarini na askari wa miguu wa mstari wa mbele. Naichora, lakini kwa nukta yenye mstari wa shaka, unaoonyesha kadirio la chini na la juu, kamwe si kwa nguzo iliyokatwa sawasawa.

Swali gumu kuliko yote ni nani anaitwa mshiriki. Kampeni ya Afrika Mashariki, 1914 hadi Novemba 1918, huchorwa kwa kuhesabu askari: King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, ilianza na batalioni 3 ikamaliza na 22. Grafu nzuri, inayopanda vizuri. Wapagazi wako wapi? Upande wa Waingereza pekee uliandikisha watu wapatao milioni moja kubeba chakula na risasi, na makadirio ya waliokufa huanzia karibu 45,000 hadi zaidi ya 100,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na nimonia. Waliandikwa vibaya wakati wa kuajiriwa na vibaya zaidi wakati wa kuzikwa. Majina ya Kariakoo na Kariokor yametokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, lakini kwenye safu ya “waliohudumu” hawamo. Mchoraji akiwaacha, grafu haiwi na pengo linaloonekana. Inakuwa safi kabisa, na huo ndio ubaya wake. Mimi huwapa nguzo yao, nikionyesha makadirio ya chini na ya juu kwa mstari mwembamba, hata kama mstari huo ni mrefu kuliko nguzo ya askari.

Shaka ya namna hiyo haiko Afrika tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilisemwa kwa zaidi ya karne kuwa viliua watu 620,000. Mwaka 2011 mwanahistoria J. David Hacker alipima upya kwa sensa, akapata kama 750,000, kati ya 650,000 na 850,000. Anayechora 620,000 kama namba isiyo na mjadala ananyima wasomaji haki yao.

Mchoro ninaourudia ni wa mhandisi Mfaransa Charles Joseph Minard wa 1869, wa jeshi la Napoleon kuelekea Moscow mwaka 1812. Milimita 1 ya upana ni watu 10,000. Mkanda unaanza na watu 422,000, milimita 42. Moscow wanafika 100,000, milimita 10. Wanaorudi ni 10,000, milimita moja tu. Ushiriki na upungufu viko kwenye mstari mmoja. Anayesema baridi ndiyo iliyolimaliza jeshi lile aupime mkanda wa kwenda kwa rula: sehemu kubwa ya upana imekwisha kupotea kabla ya theluji. (Halijoto iliyoandikwa chini ni kwa kipimo cha zamani cha Réaumur, −30 yake ni karibu −37.5 za Selsiasi.) Lakini hata Minard hakutuambia aliyepotea kwenye mkanda alikwenda wapi. Wapo waliokufa, waliotoroka, waliotekwa, na vikosi vilivyobaki mji wa Polotsk kisha vikaungana tena na wenzao njiani. Upungufu wa 412,000 si makaburi 412,000.

Machache ya mkono, kwa haraka. Nguzo zianze sifuri, daima. Vita vikitofautiana mara elfu, tumia skeli ya logi, ile ambayo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia, lakini kwa nukta, kwa sababu logi haina sifuri na nguzo isiyo na sifuri haina urefu wa maana. Ukitumia duara, namba iende kwenye eneo, usiiweke kwenye nusu kipenyo: namba ikiwa mara 4, nusu kipenyo ni mara 2. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale mwenyewe, katika michoro yake ya kwanza ya vifo vya vita vya Crimea, alipima kwa nusu kipenyo, akaona inapotosha, na ile maarufu ya 1858 akaichora kwa eneo. Na chini ya kila grafu andika mistari miwili: kiasi ni nani, asili ni nani. Isipokuwepo, rudisha grafu kwa aliyeichora.