"Plastic surgery" si upasuaji wa plastiki

Habari ya mtu aliyekwenda nje kutengeneza pua ikitafsiriwa, karibu kila mara huandikwa hivi: "amefanyiwa upasuaji wa plastiki." Msomaji naye huelewa kama alivyoambiwa, kwamba kuna plastiki imetiwa mwilini. Kwa ufupi, "plastic surgery" ni tawi la upasuaji linalorekebisha au kuunda upya ngozi na viungo vilivyoumia, vilivyozaliwa na kasoro, au ambavyo mwenyewe hapendi sura yake. "Cosmetic surgery" ni sehemu ya tawi hilo, ile ya urembo peke yake. Maana ndiyo hiyo. Kazi iko kwenye jina.

Neno "plastic" linatokana na kitenzi cha Kigiriki "plassein", yaani kufinyanga. "Plastikos" ni kitu kinachofinyangika. Waswahili wanaposema udongo uwahi ungali maji, hali hiyo ya udongo kuwa maji, tayari kupokea umbo, ndiyo Wagiriki waliyoiita hivyo. Ndiyo maana Kiingereza bado huita uchongaji na ufinyanzi "the plastic arts", ingawa mfinyanzi hajagusa ndoo ya plastiki. Maneno "plaster" na "plasma" yanatoka katika shina hilohilo.

Sasa tazama miaka. Mwaka 1818, Karl Ferdinand von Graefe wa Berlin aliita utengenezaji wa pua "Rhinoplastik". Mwaka 1838, Mjerumani mwingine, Eduard Zeis, alichapa kitabu cha mwongozo chenye maneno "plastischen Chirurgie" kwenye jina lake. Leo Baekeland hakuunda bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kemikali, hadi mwaka 1907. Upasuaji ulikuwa na jina hilo miaka karibu 70 kabla. Vitu hivyo viwili ni ndugu wa baba mmoja: nyenzo iliitwa plastiki kwa sababu inafinyangika ingali moto, na upasuaji uliitwa hivyo kwa sababu daktari anafinyanga nyama ya mtu mwenyewe.

Wapo watakaosema, mbona kwenye matiti hutiwa silikoni? Ni kweli, lakini vifuko vya silikoni vilianza kutumika mwaka 1962, kwa hiyo haviwezi kuwa asili ya jina. Na hapo angalia herufi moja: "silicon" ni elementi ya kutengenezea chipu za kompyuta; ile yenye "e" mwishoni, "silicone", ndiyo ya matiti.

Ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko jina. Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alieleza mwaka 1597 jinsi ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono. Mkono ulifungwa karibu na uso kwa wiki kadhaa, ngozi ikiwa bado imeshikana nao, kwa sababu ngozi ikikatwa yote kabla ya kupata damu ya usoni inakufa. Kiingereza kina maneno mawili hapa ambayo sisi huyachanganya kwa kusema tu "kipande cha ngozi". "Flap" ni kipande kinachohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu. "Graft" ni kipande kilichotenganishwa kabisa, ambacho itabidi kinyonye damu kutoka kwenye kidonda kinapopandwa. Neno hili hutumika pia kwa kupandikiza vikonyo vya miti, na picha hiyo yafaa kukaa nayo kichwani. Aliyeungua moto akiambiwa "skin graft", asifikirie urembo.

Ukishajua kwamba "-plasty" ni kufinyanga, msamiati mwingi unafunguka wenyewe. "Rhinoplasty" ni ya pua. "Rhin-" hiyo ndiyo ya "rhinoceros", mnyama mwenye pembe puani, na "h" yake haitamkwi. "Blepharoplasty" ni ya kope. "Abdominoplasty" ni ya tumbo, ambayo mtaani huitwa "tummy tuck". Usichanganye "-plasty" na "-ectomy", ambayo ni kukata na kuondoa: "mastectomy" ni kuondoa titi, "mammoplasty" ni kuliunda upya au kubadili umbo lake. Kwenye fomu ya hospitali, kosa hilo si la sarufi tena.

Neno "cosmetic" nalo lina ukoo wake. "Kosmos" kwa Kigiriki ni mpangilio mzuri, pambo, kisha ulimwengu wenyewe kwa vile umepangika. Lakini Kiingereza cha leo kimelishusha hadhi: "cosmetic changes" ni mabadiliko ya juu juu tu, rangi bila ukuta. "Aesthetic" hukaa mahali palepale kwa heshima zaidi, ila likipata "an-" mbele linakuwa "anaesthetic", dawa ya ganzi au nusukaputi. Shina ni kuhisi. "An-" ni kutokuwepo. Mmoja hukufanya uhisi uzuri, mwingine usihisi kisu.

Tofauti hizi zina uzito kwa anayesafiri kwenda kutibiwa. "Plastic surgeon" kwa kawaida ni daktari aliyesomea ubingwa huo kwa miaka. "Cosmetic surgeon", katika nchi nyingi, ni jina ambalo daktari yeyote mwenye leseni ameweza kujipachika. Australia iliona madhara yake, na mwaka 2023 sheria ikabana ni madaktari gani wanaoruhusiwa kujiita "surgeon". Kwa hiyo tangazo likisema "cosmetic surgeon", swali la kuuliza kwa Kiingereza ni "What is your specialist registration?", siyo idadi ya picha za kabla na baada.

Kuhusu safari yenyewe, "travel" kama nomino haihesabiki. Hakuna "a travel". Safari moja ni "a trip" au "a journey". Na usiseme "I tripped to Istanbul", maana "to trip" ni kujikwaa. "Tourism" limetokana na kuzunguka na kurudi ulikoanzia, na hapo ndipo "medical tourism" inapouma: usaha na nyuzi zilizoachia hujitokeza mgonjwa akiwa amesharudi nyumbani, mbali na aliyempasua. Basi uliza kuhusu "aftercare", uangalizi wa baada ya upasuaji, na upate maandishi kwamba uko "fit to fly", kwani kukaa muda mrefu kwenye ndege mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Chunga pia "discharge". Kwenye karatasi ya kuondokea ni ruhusa ya kutoka hospitali. Kwenye maelezo ya kidonda ni majimaji yanayotoka. "Call us if there is any discharge" haihusu ruhusa.

Kuna kosa moja zaidi, la kushangaza, kwa sababu Kiswahili kimeshatupa kinga yake. Sisi husema "nimefanyiwa upasuaji", si "nimefanya". Tukivuka kwenye Kiingereza tunaitupa ile "-iwa" na kusema "I did surgery", na anayesikia anadhani anaongea na daktari. Mgonjwa husema "I had surgery" au "I underwent surgery". Pua iliyotengenezwa ni "I had my nose done".

Kwa Kiswahili, tawi zima liitwe upasuaji wa kurekebisha maumbile, na lile la hiari kwa ajili ya sura liitwe upasuaji wa urembo. Mtoto aliyezibwa mpasuko wa mdomo amefanyiwa "reconstructive surgery", sehemu ya "plastic surgery". Ukimtaja, andika hivyo. "Cosmetic" si neno lake, na plastiki hana.