Fyuzi ya dhahabu haiongezi besi

"Fundi, nikiweka fyuzi ya dhahabu na waya wa umeme mnene, besi itapanda kiasi gani?" Haitapanda hata kidogo. Wanaouliza ni watu wenye amplifaya nzuri na spika nzuri, na pesa wameshazitenga. Jibu ni bora litolewe kwa namba, ili pesa hizo ziende mahali ambapo masikio yatazisikia.

Tuanze na fyuzi, maana hapo dhana potofu inaweza kuchoma nyumba.

Dhana: fyuzi maalumu inafungua sauti, na ina upande wake wa kuwekwa

Plagi za miguu mitatu tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda asili yake ni Uingereza, na ndani yake mna fyuzi ya kauri yenye urefu wa milimita 25.4 na kipenyo cha milimita 6.35. Fungua plagi uitazame. Utaona kibomba chenye vifuniko viwili vya chuma, kimebanwa kwenye vishikio viwili vya shaba. Ndani yake kinapita kiwaya chembamba kilichozungukwa na mchanga laini. Umeme ukizidi, kiwaya kinayeyuka na mchanga unazima cheche kabla haijawa moto. Kazi ya fyuzi ni hiyo tu.

Ukinzani wa fyuzi ya ampea 13, yaani kiasi inachozuia umeme, haufiki miliomu 10, ambazo ni omu 0.01. Amplifaya ya wati 50 kila upande, ikipigwa kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, haivuti hata nusu ampea kutoka ukutani. Zidisha 0.5 kwa 0.01 upate volti 0.005 zinazopotea kwenye fyuzi, kati ya volti 230. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha pasi na majiko, umeme wa mtaa mzima unashuka kwa volti kumi au zaidi na muziki wako unaendelea vilevile. Sikio ambalo halikusikia volti kumi zikiondoka haliwezi kusikia tano za elfu.

Kuhusu upande: umeme wa nyumbani ni wa hezi 50, unabadili mwelekeo mara 100 kila sekunde. Mshale uliochorwa kwenye fyuzi hauna mwelekeo wa kuufuata. Anayekuambia uigeuze usikilize tofauti anakuuzia mchoro.

Mchovyo wa dhahabu kwenye vifuniko una faida moja ya kweli, kwamba haushiki kutu. Mombasa, Tanga na Unguja, ambako hewa ya chumvi inakula shaba, hilo lina maana kidogo. Lakini vishikio vinavyoibana fyuzi bado ni vya shaba, na ndivyo vinavyoanza kuwa vyeusi. Chomoa plagi, toa fyuzi, sugua vishikio na vifuniko kwa kitambaa chenye spiriti, kaza vishikio kwa koleo ndogo mpaka fyuzi iingie kwa kusukuma, kisha kaza skrubu zote tatu za nyaya. Hiyo ni dakika kumi.

Fyuzi ya ndani ya amplifaya ndiyo inayochezewa vibaya zaidi. Soma maandishi yake kabla ya kununua nyingine. Tuseme imeandikwa T3.15AH250V. T maana yake inachelewa kukatika, kwa sababu transfoma ya duara inavuta umeme mwingi mno kwa sehemu ndogo ya sekunde unapowasha. Ukiweka F, inayokatika haraka, itakufa siku ya kwanza na utadhani amplifaya ni mbovu. 3.15A ni ukubwa wake. H maana yake inaweza kukata hitilafu ya hadi ampea 1500 bila kupasuka. Kwa kawaida ni ya kauri. Ya kioo yenye herufi L inakata hadi ampea 35 au mara kumi ya ukubwa wake, kubwa kati ya hizo mbili, basi. Kwa hiyo usiweke L palipoandikwa H, wala usiongeze ampea. Fyuzi ya bei kubwa isiyo na alama hizi ni hatari kuliko ya bei ndogo yenye alama zote.

Fyuzi ikikatika mara mbili mfululizo, usijaribu ya tatu, na usizungushie karatasi ya sigara wala uzi wa waya. Mara nyingi transista za kutoa sauti zimekufa au daraja la diodi, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa mwelekeo mmoja, limepiga shoti. Fundi ataipima kwa kuunganisha balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 hadi 100, mfululizo na amplifaya, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, njia ni safi. Ikibaki inang'aa, kuna shoti ndani. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.

Lakini mbona watu wanasikia tofauti? Wanaisikia kweli, ila chanzo sicho wanachodhani. Ili ubadilishe fyuzi umezima mashine, umechomoa plagi, umeirudisha, na kule kuchomoa na kuchomeka kumekwangua uchafu kwenye miguu ya plagi. Ukarudi kukaa, kichwa kikiwa sentimita kumi kando ya pale kilipokuwa, na sauti za juu hubadilika kwa umbali huo. Kitasa cha sauti nacho kimesogea kidogo, na sauti iliyozidi kwa nusu desibeli masikio huiita safi zaidi. Anayetaka kujua ukweli amwombe mtu abadilishe fyuzi au abakize ileile bila kumwambia, kitasa kisiguswe, kiti kisisogezwe, mara kumi na mbili, na majibu yaandikwe. Akipatia sita au saba, alikuwa anabahatisha.

Dhana: waya mnene wa umeme unaipa amplifaya pumzi

Waya wa kawaida unaokuja na amplifaya una shaba ya milimita mraba 0.75. Ukiwa na urefu wa mita 1.5, kwenda na kurudi, ukinzani wake ni kama miliomu 78. Waya wa milimita mraba 2.5 wa urefu huohuo una miliomu 24. Umeokoa miliomu 54. Tuchukue hali ngumu, besi nzito, kapasita za ndani, zinazohifadhi umeme, zikivuta ampea 5 kwenye kilele cha wimbi: umeokoa volti 0.27 kati ya 325 za kilele (zile 230 ni kama wastani wa wimbi). Nayo haiendi kwenye spika. Inaishia kwenye transfoma, ambayo upande wake wa kuingilia peke yake una omu kadhaa za waya mwembamba, kisha diodi, kisha kapasita za mikrofaradi elfu kadhaa ambazo kazi yake ni kulainisha mawimbi haya. Na kabla ya kufika kwenye soketi, umeme huo umepita makumi ya mita za waya ndani ya ukuta na mamia ya mita za alumini kwenye nguzo. Hakuna mita moja na nusu ya mwisho inayosafisha safari hiyo.

Kuna umeme mbaya unaosikika, lakini chanzo chake ni kingine. Inverta ya bei rahisi ya sola, ambayo wimbi lake ni la ngazi badala ya kuviringika, huitia transfoma mlio na joto. Dawa ni inverta ya wimbi safi.

Pia kuna soketi mbovu, na hapa ndipo ningetaka kila mtu aangalie kwanza. Tumezoea kusukuma kifuniko cha tundu la juu kwa kalamu ili tuchomeke plagi ya miguu miwili. Miguu ile ya duara inatanua vibano vya ndani, na plagi halali ikirudi inalegea. Dalili ni sauti ya kukwaruza ukigusa plagi, plastiki kugeuka rangi ya kahawia, au plagi kuwa na joto. Badilisha soketi nzima, na kwa kifaa cha miguu miwili nunua adapta ya kufaa.

Mengine kwa ufupi

Kukata waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, ili kuondoa mvumo: usifanye. Waya wa moto ukigusa bodi ya chuma, utakaposhika bodi wewe ndiye utakuwa waya wa ardhi. Chomoa vyanzo vyote vya sauti, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka mvumo urudi. Mara nyingi ni waya wa antena au wa dishi. Weka kitenganishi, kifaa kinachopitisha mawimbi bila kuunganisha nyaya moja kwa moja, kwenye waya huo, na vifaa vyote uvichomeke kwenye ekstensheni moja.

Stabilaiza inaongeza ubora wa sauti: hapana. Inalinda kifaa umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, na kwa hilo inastahili bei yake. Chagua yenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika kadhaa.

Waya wa spika nao hauna maana: hili ni kosa la upande wa pili. Mita 10 za waya wa 0.75 zina kama nusu omu kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 4 unapoteza desibeli moja hivi, na zaidi au pungufu kulingana na noti, kwa sababu omu za spika hazitulii. Hapo tumia waya wa 2.5 wa shaba tupu. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu: ikitoa weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na utahitaji unene mkubwa zaidi kupata matokeo yaleyale.