Kabla ya kulilaumu jua, okota kidaka

Kaskazi iliyopita nilikuwa shambani kwa mzee mmoja kaskazini mwa Pemba. Chini ya minazi yake vidaka, zile nazi changa kabisa, vilitapakaa kama gololi. "Jua hili mwanangu," aliniambia, "siku hizi halina adabu." Niliokota kidaka kimoja, nikavibandua vile vigamba vya kwenye kikonyo. Chini yake kulikuwa na vidonda vya kahawia vilivyobonyea, na kimoja kimetoa utomvu ukaganda kama gundi.

Jua haliachi vidonda vya namna hiyo. Kweli ukame huangusha vidaka, na mnazi wenyewe hupukutisha vingine hata mvua ikinyesha vizuri, lakini hivyo huanguka na ngozi safi. Chenye vidonda na gundi kimechomwa na kunguni wa minazi, mdudu mwembamba wa kahawia asiyefika hata sentimita mbili. Hufyonza upunga na vidaka, na mate yake ni sumu kwa nyama ya tunda. Hatulii pahala pamoja: akichoma hiki huhamia kile, ndiyo maana wawili watatu tu juu ya mnazi wanatosha kukuharibia kole zima. Kidaka kikinusurika hadi kitale, kikaja kuwa nazi, huwa imepinda na ina makovu.

Jina lake la kisayansi ni Pseudotheraptus wayi. Hilo "wayi" linatokana na Michael Way, Mwingereza mtaalamu wa wadudu aliyefanya utafiti hapa hapa Zanzibar katikati ya karne iliyopita. Alichokionyesha bado kinafaa leo: mnazi waliokaa maji moto wengi, wale chungu wekundu wanaoshona viota vya majani mitini, kunguni huyo hapati nafasi. Wanamfukuza, wanamkamata, wanamla. Dawa ya bure, inayofanya doria yenyewe.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo inauma. Muulize mchumaji karafuu yeyote. Mkarafuu una majani ambayo maji moto huyapenda sana kwa kushonea viota, na wengi wetu tumekulia katika mashamba ambayo kazi ya kwanza kabla ya kuchuma ni kuvichoma moto viota hivyo. Siwalaumu, nami nimeshang'atwa hadi shingoni. Lakini mikarafuu na minazi yetu imechanganyika, na kiota kinachochomwa kwenye mkarafuu ndicho kilichokuwa kikiulinda mnazi wa jirani. Jipakeni jivu mikononi na miguuni, uchungu utapungua.

Adui mwingine wa maji moto hatumwoni kirahisi. Ni sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa, wanaoishi ardhini kwenye shina la mnazi. Hupanda juu kwa maelfu, wakawahamisha maji moto, na kwa kunguni hawasaidii kitu. Hapa nitawaudhi wazee: shamba lililopaliliwa likabaki udongo mtupu, lile tunalolisifu kuwa la mtu mchapakazi, ndilo sisimizi hawa hushinda kwa urahisi. Majani mafupi yaliyofyekwa bila kung'olewa huwapa chakula na makazi huko huko chini, na maji moto wakapumua juu.

Sasa tia mabadiliko ya tabianchi. Mdudu hana joto lake mwenyewe, hukua kwa joto la hewa. Likizidi kidogo, yai hufika kuwa kunguni mzima kwa siku pungufu na vizazi huongezeka. Ukipiga sumu, mvua isiyo na msimu huiosha, na kabla haijaoshwa imeshawaua maji moto. Kunguni ana mbawa, atarudi kutoka shamba la pili. Maji moto watachukua muda mrefu kurudi, kwani jamii yao yote hutegemea malkia.

Nao joto linawagusa. Kiota ni majani mabichi yaliyoshonwa kwa hariri ya watoto wao. Kiangazi kikirefuka yakakauka, lazima wahame. Wasipokuwa na mti mwingine wenye majani karibu, wanakwisha. Kwa hiyo mchungwa, mpera, mlimau au mwembe katikati ya minazi una kazi zaidi ya matunda. Pale matawi yasipogusana, funga kamba ya usumba kutoka mti hadi mti. Wataipita juu bila kukanyaga ardhi ya sisimizi.

Yule mzee aliniuliza kama anaweza kuwaleta maji moto kutoka kwa shemeji yake. Anaweza. Akate viota usiku, wengi wao wakiwa ndani, avitie kwenye polo na kulifunga. Vyote vitoke kwenye jamii moja, kwani jamii mbili zikikutana huuana hadi asubuhi. Na achague mnazi ambao shina lake halina sisimizi, la sivyo atakuwa amewapelekea kitoweo.