Je, wajua kwa nini rangi hubanduka kwenye kromu?

Mwenye gari akipeleka bampa ya kromu kwa fundi rangi wa Unga Limited, jijini Arusha, ili ipulizwe rangi nyeusi, kazi hupendeza siku ya kwanza hata kama imefanywa ovyo. Tofauti huonekana baadaye, jiwe dogo la barabara ya vumbi linaporukia bampa hiyo: rangi hutoka kipande kizima kama ganda la yai lililochemshwa, na kromu iliyo chini yake hubaki iking'aa vilevile.

Chanzo ni metali yenyewe. Kromu, iliyogunduliwa na mkemia Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797, ikikutana na hewa hujivika mara moja utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio unaoikinga na kutu, na ndio huohuo unaoifanya isiungane kwa urahisi na rangi. Tena uso wake ni laini mno, hivyo rangi haipati mahali pa kung'ang'ania. Kwa hiyo rangi nzuri na ya bei ghali haitasaidia chochote ikiwa uso haukuandaliwa.

Maandalizi huanza kwa sabuni na kiondoa grisi, wala si kwa msasa. Nta na dawa za kung'arishia gari, hasa zenye silikoni, zikisuguliwa kabla ya kuoshwa huingizwa ndani ya mikwaruzo, na baadaye huleta vishimo vidogo vya duara kwenye rangi. Kipimo ni rahisi: mwagia maji safi. Yakitandaa sawasawa, uso umetakata; yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo na kazi irudiwe.

Ndipo msasa hufuata. Kromu ni ngumu, takriban 8.5 katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho kilele chake ni 10, lakini chembe za msasa wa oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni hufikia 9 na zaidi. Msasa wa maji wa namba 320 hivi hutosha pale ambapo kromu bado imeshika vizuri, na hakuna haja ya kuiondoa yote, mradi mng'ao wote uwe umekufa. Shikilia kifaa kwenye mwanga wa pembeni, kisha tazama kuzunguka matundu ya bolti na kwenye kona za ndani, kwa maana sehemu ndogo itakayobaki ikimetameta ndiyo rangi itakapoanzia kuachia.

Penye malengelenge ya kutu, hali ni nyingine. Kromu ya mapambo kwa kawaida haifiki unene wa mikromita 1. Chini yake kuna nikeli, na mara nyingi shaba, kabla ya kufika kwenye chuma. Maji hupenya katika nyufa ndogo za kromu na kuila metali ya chini, hivyo sehemu hiyo isuguliwe hadi metali safi, na kingo zilainishwe mpaka kidole kisihisi ngazi. Vaa barakoa na usugue kwa maji, kwani vumbi la nikeli hudhuru mapafu na ngozi. Kuyeyusha kromu kwa asidi au kwa umeme si kazi ya kufanyia uani hata kidogo: mvuke wa asidi huunguza mapafu, na njia ya umeme huzalisha kromu ya aina inayosababisha saratani.

Wapo wanaoamini kwamba praima ya asidi, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza yenye asidi ndani yake, huondoa haja ya msasa. Sikubaliani nao, kwa sababu asidi hiyo huuma chuma na zinki lakini haiudhuru sana utando wa kromu. Uso ukishasuguliwa na kufutwa, upulizwe praima ya epoksi (ile ya gundi ngumu inayochanganywa na kigumushi) siku hiyohiyo, kabla haujashikwashikwa kwa mikono. Mwezi wa Julai, baridi ya Arusha huchelewesha epoksi kukomaa, basi ipewe muda mrefu kuliko ambao ingehitaji kwenye joto la Moshi.

Grili nyingi za magari ya siku hizi ni plastiki iliyopakwa kromu. Hizo zisuguliwe kwa mkono mwepesi, zisilowekwe kwenye tina (kiyeyushio cha rangi), na pale plastiki inapojitokeza itumike kwanza praima ya plastiki.