Tanuri la chuma la uani: jinsi mawe yanavyotoa chuma

Fundi wa jua kali anayeyeyusha alumini chakavu na kuimimina kwenye ukungu wa mchanga anabadilisha umbo tu. Kilichoingia motoni ni alumini na kilichotoka ni alumini. Mwenye debe la mawe mekundu kutoka Kishushe, Taita Taveta, hana chuma bado. Alicho nacho ni kitu cha jamii ya kutu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni. Akiyachoma mawe hayo kwa moto wa gesi kuanzia asubuhi hadi jioni, jioni atakuwa na mawe ya moto. Kutoa chuma kwenye mawe ni kuiondoa hiyo oksijeni, na tanuri la uani hujengwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Oksijeni huondolewa na gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani miezi ya baridi. Upepo unaopulizwa chini ya tanuri huunguza makaa na kutoa hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hunyakua kaboni zaidi na kugeuka kaboni monoksidi, gesi yenye uchu wa oksijeni. Inapokutana na jiwe la chuma linaloteremka, huichukua oksijeni ya jiwe na kutokea juu. Kazi hii huanza jiwe likiwa bado sehemu za juu, kwenye joto la nyuzi 700 au 800 za Selsiasi. Kwa hiyo mtu anayeuliza "tanuri lako linafika nyuzi ngapi?" ameuliza swali la pili. La kwanza ni jiwe limekaa kwa muda gani ndani ya gesi hiyo kabla ya kufika chini.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538, na tanuri la aina hii halikusudiwi kufika huko. Karibu na mdomo wa upepo, pale bomba linapoingiza hewa, joto huwa kati ya nyuzi 1200 na 1400. Kinachoyeyuka pale ni uchafu wa mawe: mchanga ulioungana na sehemu ya chuma kuwa mavi ya chuma, kioevu cheusi kinachotiririka kuanzia nyuzi 1200 hivi. Chembe za chuma chenyewe hubaki yabisi, laini, zikigandana moja moja mpaka zifanye bonge lenye matundu kama sifongo. Bonge hilo ndilo zao la tanuri. Asiyelijua hili hungoja chuma kimiminike kama uji, kisha hulitupa bonge akidhani ni takataka.

Teknolojia hii si ngeni kwetu. Aturi, wahunzi wa Agikuyu, walichekecha mchanga mweusi wa mitoni, wenye magnetiti (madini ya chuma yanayoshika sumaku), wakautia kwenye tanuri za makaa na mivukuto. Wafipa wa kusini-magharibi mwa Tanzania walijenga tanuri ndefu za kufikia mita 3, zikivuta hewa zenyewe bila mvukuto, kisha bonge wakalisafisha kwenye tanuri ndogo. Wahaya wa Kagera walijaza shimo la tanuri majani ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa, na mabomba yao ya udongo yaliingia ndani kabisa ya moto.

Madini yapi, na yapi usiyaguse

Kutoa chuma ni kugumu kidogo lakini kunawezekana. Shaba kutoka jiwe la kijani la malakiti ni rahisi zaidi, maana shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 na hukusanyika chini kama kioevu. Alumini sahau: kuitoa kwenye mawe yake kunahitaji umeme mwingi sana upitishwe kwenye chumvi iliyoyeyuka, na makaa hayafui dafu.

Risasi ndiyo ya kukataa kabisa. Ni rahisi kuitoa, na hapo ndipo mtego ulipo. Huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, na moshi na vumbi lake huingia mwilini, kwa watoto zaidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani nao, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mawe ya salfa yanayong'aa kama dhahabu au fedha nayo yaache, kwani yakichomwa hutoa gesi inayobana kifua.

Kulijua jiwe la chuma, likwaruze kwenye mgongo wa kigae usiong'aa. Hematiti, aina nyingine ya jiwe la chuma, huacha mstari mwekundu wa damu ya mzee hata jiwe lenyewe likiwa jeusi. Magnetiti huacha mstari mweusi na hushika sumaku. Mbali na Kishushe, Ikutha huko Kitui kuna magnetiti. Nunua kwa mwenye kibali: Sheria ya Madini ya 2016 huyahesabu madini yaliyo ardhini kuwa mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya shamba lako.

Kulijenga

Vipimo vinavyofaa kwa anayeanza ni hivi: upana wa ndani sentimita 25, kimo mita 1, unene wa ukuta sentimita 8. Tanuri dogo kuliko hilo hupoteza joto haraka, na fupi kuliko hilo halilipi jiwe muda wa kukaa ndani ya gesi. Ukuta huu unakula ndoo 5 au 6 za lita 20: nusu udongo, nusu mchanga, na juu yake ndoo moja au mbili za mavi makavu ya ng'ombe au nyasi zilizokatwakatwa. Nyasi huungua na kuacha vijitundu ambavyo huzuia nyufa.

Udongo mweusi wa pamba wa Embakasi na Syokimau haufai hata kidogo. Huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na tanuri litachanika kabla hujawasha moto. Tafuta ule mwekundu wa upande wa Kikuyu na Limuru, au ongea na wanaofinyanga vigae vya ndani vya jiko wakuuzie udongo wao. Simenti usitumie popote moto unapofika, maana maji yaliyofungwa ndani yake hugeuka mvuke na kurusha vipande. Mawe ya mtoni nayo hupasuka vivyo hivyo.

Kandika udongo kuzunguka gunia jembamba lililojazwa mchanga, kisha toa mchanga siku inayofuata. Chini acha mlango wa upana wa sentimita 20 na kimo cha 25, utakaozibwa kwa tofali na udongo na kubomolewa mwishoni. Kausha kivulini angalau wiki moja, halafu washa kijimoto cha vijiti ndani kwa saa kadhaa. Ukuta ukitoa mvuke bado haujakauka.

Mdomo wa upepo ndio unaoamua kama utapata chuma au hasara. Uweke sentimita 18 kutoka sakafuni, uingie ndani sentimita 5 kupita ukuta, na uinamishwe chini kwa nyuzi 20 hivi. Ukiishia usawa wa uso wa ukuta bila kujitokeza ndani, moto hula ukuta. Ukiulaza bila mwinamo, mavi ya chuma huganda chini kwa sababu joto haliyafikii. Tundu liwe la sentimita 2.5. Bomba la udongo mnene ni zuri. Paipu ya chuma nayo yafaa ikiwa imevikwa udongo, lakini iwe nyeusi, isiyopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe humwangusha mtu kwa homa usiku ule ule. Kwa sababu hiyo hiyo usivike tanuri mabati ya paa.

Nyuma ya bomba funga kiungo cha umbo la T: upepo uingie ubavuni, na mwisho uliobaki uzibwe kwa kioo kidogo au kizibo kinachofunguka. Kupitia hapo utauona moto na utaweza kuingiza ufito kuzibua.

Upepo wa Nairobi

Kanuni ya mafundi wa tanuri hizi ni lita 1.2 hadi 1.5 za hewa kwa dakika kwa kila sentimita mraba ya eneo la ndani. Tanuri la sentimita 25 lina eneo la sentimita mraba 490, kwa hiyo lita 590 hadi 735. Hesabu hiyo ni ya pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa hiyo lita moja hapa ina oksijeni pungufu. Lenga lita 700 hadi 900. Anayenakili vipimo vya watu wa nchi tambarare bila kuongeza upepo hupata tanuri linalozubaa, kisha hulaumu mawe.

Kupima, chukua mfuko wa nailoni wa lita 200, ule wa kuvishwa ndani ya pipa, uufunge kwenye mdomo wa blowa. Ukijaa kwa sekunde 14 ni kama lita 850 kwa dakika. Tanuri likijaa makaa upepo utapungua, kwa hiyo blowa iwe na ziada, na weka kilango cha kuupunguza. Mashine ya kukaushia nywele ina upepo lakini haina msukumo. Blowa ya wahunzi au mota ya mashine ya kufyonza vumbi hufanya kazi. Na uwe na mvukuto wa mkono karibu: stima ikipotea katikati ya kazi, mavi ya chuma huganda mdomoni ndani ya dakika chache na siku imekwisha.

Siku yenyewe

Choma mawe kwanza kwenye moto wa kuni mpaka yawe mekundu kwa saa moja. Yakipoa yatakuwa yamepasukapasuka na kujaa vijitundu vya kupitisha gesi. Ponda yawe kati ya punje ya mchele na harage. Makubwa zaidi hufika chini yakiwa mabichi katikati, na vumbi tupu huziba njia ya gesi. Makaa nayo yavunje yawe ya sentimita 2 hadi 4, chekecha chenga zote zitoke. Kwa kilo 15 za mawe andaa makaa kilo 35 hadi 40.

Pasha tanuri kwa kuni saa moja, kisha lijaze makaa hadi juu na ufungue upepo. Gesi inayotoka juu iwashe, na isiachwe izimike. Makaa yakishuka kwa kasi ya kilo moja kila dakika 6 hadi 9, anza kulisha: kilo moja ya makaa, juu yake nusu kilo ya mawe. Baada ya awamu tano au sita panda hadi kilo kwa kilo. Nyunyiza mawe katikati, mbali na ukuta.

Kioo cha nyuma ya bomba ndicho kipimo chako. Mwanga wa manjano unaokaribia weupe ni mzuri. Ukiona giza linaingia, mavi ya chuma yamepanda: zibua kwa ufito, na yakizidi toboa tundu chini ya mlango yatiririke. Mavi mazuri hutoka meusi, mazito kama asali, yakiacha mikunjo. Yakitoka kama vinyesi vya mbuzi, tanuri lina baridi: ongeza upepo au punguza mawe. Mavi yasipotokea kabisa, huenda mawe ni safi mno. Bonge linahitaji mavi ya kulikinga na upepo, la sivyo chuma kilichokwisha kupatikana huungua tena. Ongeza mchanga wa kawaida, gramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya mawe.

Kosa la upande wa pili ni pupa ya moto. Makaa mengi kwa mawe machache, pamoja na joto kali, hufanya chuma kinywe kaboni. Chuma chenye kaboni ya asilimia 4 huyeyuka karibu na nyuzi 1150, na utapata chuma cha kusubu kinachovunjika chini ya nyundo kama biskuti.

Mawe yakiisha, lisha makaa matupu kwa nusu saa, acha yashuke hadi karibu na mdomo wa upepo, kisha bomoa mlango. Bonge litakuwa limeshika ukutani chini kidogo ya mdomo. Lisukume kwa mtaimbo, litoe kwa koleo refu, uliweke juu ya gogo na kulipiga polepole kwa nyundo ya mbao likiwa bado linawaka. Nyundo nzito ya chuma mapema hivi hulisambaratisha. Mavi yaliyobaki ndani yatachuruzika na kuruka cheche, kwa hiyo vaa aproni ya ngozi, buti, miwani na nguo za pamba. Nailoni huyeyukia mwilini.

Kilo 15 za mawe mazuri hutoa bonge la kilo 3 au 4, na baada ya kulipasha na kulikunja mara kadhaa kwenye fuawe hubaki kilo 2 hivi za chuma cha kufua. Kwa gharama ya makaa yote hayo, vyuma chakavu vya Gikomba vitakushinda daima. Anayefanya kazi hii aifanye kwa kutaka kujua au kufundisha. Aifanye pia mahali pa wazi, shambani Juja au Ngong, si kwenye ploti yenye vyumba kumi na mlango mmoja. Kibanda cha mabati kilichofungwa pande tatu kinatosha kukusanya gesi ya kumwangusha mtu, na gesi hiyo haina harufu.

Chuma kilichopatikana kipime kwa gurudumu la kusagia. Cheche ndefu, chache, zisizopasuka ni chuma laini kisicho na kaboni, kizuri kwa misumari na bawaba. Cheche zinazopasuka kama vinyota ni chuma chenye kaboni, nacho kipashe kiwe chekundu na ukizamishe majini: kikikwaruza kioo, kinafaa makali ya kisu. Bonge moja mara nyingi huwa na vyote viwili, kwa hiyo kata vipande na upime kila kimoja peke yake.