Hapana, hatutarekodi mmoja mmoja

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye studio yake mwenyewe: kwa nini nimlipie mpiga besi wa bendi yetu ya jazi nauli ya kutoka Dubai aje turekodi pamoja, pesa za mfukoni mwangu, wakati anaweza kurekodi hukohuko anakopiga hotelini, akatuma kwa intaneti, fundi mitambo akaunganisha? "Siku hizi nani anarekodi bendi nzima?" Sawa. Bongo Fleva hairekodiwi hivyo na haina haja. Biti imeshakaa, mwimbaji anaifuata. Sina ugomvi nayo.

Sisi tunarekodi jazi, watu watano walewale wa bendi yetu ya zamani, ambayo haikuvunjwa na ugomvi. Ilivunjwa na kodi za nyumba. Na hapo ndipo linapokuja lile linaloniudhi kuliko yote: "Si mnajuana? Hata mkirekodi mbalimbali mtaingiliana tu." Jamani. Najua mpiga piano wangu anapenda nini. Leo atafanya nini nikishikilia noti moja kwa pau nne (hesabu nne za mipigo ya wimbo), sijui, na yeye hajui mpaka aisikie. Akinyamaza, nina nafasi. Akiniwekea kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, nisiyoitegemea, inabidi nihame. Nikitoka nje ya skeli, yaani noti zinazokubaliana na wimbo, ataamua papo hapo kunifuata au kuniacha huko nijitafutie njia ya kurudi. Ukimrekodi Jumanne na mimi Ijumaa, mmoja wetu anaongea na mtu ambaye keshaondoka.

Chukua besi na drams tu. Mpiga drams wetu hutangulia kidogo sana kwenye toazi la mkono wa kulia. Besi hukaa nyuma yake kidogo. Hakuna aliye juu ya mpigo kamili, na upana wa huo mwanya haukai sawa. Tarumbeta ikianza solo wanakazana, piano ikipokea wanalegeza. Ndiyo maana swing, ule mwendo wa kubembea wa jazi, haiandikiki vizuri. Sasa weka klik, ule mlio wa mashine unaohesabu mpigo, masikioni mwa kila mmoja. Wote wanamsikiliza askari mmoja asiyemsikiliza mtu. Wimbo tuliouanza kwenye mipigo 180 kwa dakika tukaumaliza kwenye 186 hauna kosa lolote, umechangamka, basi.

Huhitaji kwenda New York kuthibitisha hili. Bendi za dansi za Mlimani Park na Juwata zilirekodi pale Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) bendi nzima kwa pamoja, magita, tarumbeta na waimbaji, na nyimbo zile bado zinanyanyua watu vitini. Lakini ukitaka New York, ipo pia: mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi albamu ya Kind of Blue mwaka 1959 kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa kanisa, kwenye mashine ya njia tatu, yaani inayotenganisha sauti katika mafungu matatu tu. Njia tatu kwa watu sita! Ungeanza wapi kumtenganisha mtu?

Ubaya wake ni kwamba sauti zinavuja. Drams zinaingia kwenye maiki ya piano, tarumbeta inaingia kila mahali. Mmoja akikosea vibaya huwezi kumfuta peke yake, mnarudia wote. Maiki zikikaa ovyo, sauti moja inafika mara mbili kwa nyakati tofauti na besi inakonda. Kanuni ya kuanzia: umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na chombo chake. Mengine ni mablanketi na masikio. Kwa hiyo pesa yangu kubwa inakwenda kwenye nauli, chakula na mazoezi, ili tukiingia studio tusitafute kodi za nyimbo kwa saa za kulipia.

Sasa nikiri yanayonisumbua. Mpiga piano Bill Evans mwaka 1963 alijirekodi piano tatu, yeye juu ya yeye, na ni muziki mtupu. Mwaka 1969 prodyuza Teo Macero alikata mikanda ya Miles akarudisha sehemu ya mwanzo iwe mwisho, na sijasikia mtu akidai arudishiwe pesa. Sisi wenyewe tukipata mwanzo mzuri kwenye teki (jaribio la kurekodi) moja na solo nzuri kwenye nyingine, mwendo ukikubali, tutaunganisha. Na abiria wa daladala mwenye spika moja ya sikioni atagundua kwamba tulikuwa chumba kimoja? Kwenye nyimbo za kasi nadhani ndiyo. Kwenye zile za polepole, nikifumbwa macho, sijiamini hata mimi.

Kuhusu kurudisha pesa, kwa kifupi: Spotify inahesabu msikilizaji akifikisha sekunde 30, kwa hiyo wimbo wetu wa dakika tisa unahesabiwa sawa na wa dakika mbili, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Tutauza CD mlangoni kwenye maonyesho, kama wazee.

Kinachobaki ni karatasi. Utunzi ni haki moja, rekodi ni nyingine. Aliyetunga anasajili wimbo wake COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa jina lake, na rekodi tunagawana kwa asilimia zilizoandikwa, mimi nikirudishiwa gharama kwanza. Wenzangu wanasema sisi ni ndugu, karatasi ya nini. Watasaini kabla drams hazijapangwa studio, maana wa Dubai ana ndege ya kuwahi na sitamfukuzia sahihi kwa WhatsApp.