Fisi Jike Si Huntha, Wala Hageuki Dume

Nimelisikia tena dai lile lile, safari hii kutoka kwa mtu aliyeshuka kreta ya Ngorongoro na kujionea kwa macho yake: eti fisi wote ni huntha, mwaka huu dume, mwakani jike. Kwamba ameona, sina shaka. Alichokiona ni kisimi, akakidhania uume. Dai lenyewe ni kongwe kiasi kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alihangaika kulikanusha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ingawa yeye alimzungumzia fisi mwenye milia, si fisi madoa ninayemzungumzia hapa.

Fisi madoa jike ana ovari na mfuko wa uzazi, hubeba mimba kwa siku 110 hivi na kwa kawaida huzaa watoto wawili. Kisimi chake kimerefuka kikafanana na uume, husimama kama uume, na midomo ya uke imeungana ikawa kifuko kinachofanana na pumbu. Uwazi wa uke kwa nje hana: hukojoa, hupandwa na huzaa kupitia kisimi hicho hicho. Anayezaa kwa mara ya kwanza huchanika, na watoto wengi wa uzazi huo hufa njiani kwa kukosa hewa. Huntha ni mwenye tishu za ovari na za korodani katika mwili mmoja. Jike huyu hana korodani, na hapo sioni la kubishania.

Kinachoniudhi zaidi ni ushahidi unaoletwa, kwamba “dume” wa mwaka jana ameonekana sasa akinyonyesha. Aliyebadilika si fisi. Aliyekosea ni yule aliyemwita dume. Fisi wawili wa ukoo mmoja wanapokutana husimama ubavu kwa ubavu, kichwa huku mkia kule, wakainua mguu wa nyuma na kunusana sehemu za siri zikiwa zimesimama, na mara nyingi wa daraja la chini ndiye hutangulia kuinua mguu. Majike hufanya hivyo, na hata watoto ambao manyoya yao bado ni meusi hufanya hivyo, kwa sababu hiyo ni salamu na adabu, haina uhusiano na kupandana. Kwa hiyo anayeona kitu kimesimama akaandika “dume” hajathibitisha chochote. Cha kutazama ni ncha: ya dume imechongoka, ya jike ni butu na pana. Tatizo ni kwamba ncha huonekana vizuri kikiwa kimesimama tu, mnyama akiwa amekupa ubavu, na nyasi zikiwa zimekuhurumia. Chuchu husaidia kwa jike aliyekwisha kunyonyesha. Ukubwa wa mwili, ambao waongoza watalii wengi huutegemea, ni kubahatisha, kwani majike huwazidi madume kidogo tu kwa wastani.

Sababu ya umbile hili ndipo vitabu vinapojiamini kupita kiasi. Jibu la haraka huwa ni androjeni, yaani homoni za kiume. Lakini katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako fisi walioletwa kutoka Kenya walifugwa kwa miaka mingi, majike wenye mimba walipewa dawa za kuzuia androjeni, na bado mabinti zao walizaliwa na kisimi kirefu, ingawa umbo lake lilibadilika kiasi. Kuhusu ubabe wa majike juu ya madume, ambao nao huelezwa kwa androjeni, naridhika zaidi na utafiti wa Ngorongoro uliochapishwa 2018, ulioonyesha kwamba anayeshinda ugomvi kwa kawaida ni yule mwenye wengi wa kumuunga mkono, awe dume au jike. Wapo wanaosema kisimi kilirefuka ili dume asiweze kumpanda jike bila ridhaa yake. Kweli hawezi, ila mimi nasita kuigeuza faida hiyo kuwa chanzo.

Nisipoiona ncha wala chuchu, huandika “jinsia haijulikani” na kuendelea na fisi anayefuata, hata kama wageni garini wanasisitiza kwamba wamemwona dume.